Sikio la Kushoto la Redio

Mjukuu wangu Kadii amebeba jina langu, kama ilivyo kwetu Wagiriama: binti wa kwanza wa mwanao wa kiume huitwa jina lako. Kwa hivyo marehemu mume wangu, Mzee Mwaringa, alikuwa akimwita mkewe mdogo, nami namwita mke mwenzangu hadi leo. Watu hucheka. Yeye hacheki wala hakasiriki. Ana miaka minane, na maneno anayoyasema kwa siku nzima yanatosha kwenye kiganja kimoja.

Daktari wa kliniki aliandika kwenye karatasi kwamba ni usonji. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini neno lile nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha nikamuuliza lina dawa gani. Akasema si kitu cha kumeza dawa. Mtoto amezaliwa hivyo, na kazi yetu ni kumjua. Nikamwambia kazi hiyo niliianza zamani.

Namjua hivi. Hataki mboga iguse sima. Hataki kushikwa kichwa. Lori likipita, au mashine ya kusaga unga ikinguruma, huziba masikio akaketi papo hapo, hata kama ni katikati ya barabara. Siku nyingine haketi, hukimbia, na akikimbia huelekea mtoni, kwenye maji na mamba. Ndiyo sababu miaka ya shule ilimpita akiwa nyumbani. Mama yake, Lorna, hukaanga mahamri Garsen kuanzia alfajiri. Baba yake, mwanangu Kitsao, yuko Bura kwenye mashamba ya mfereji, humwona mwisho wa mwezi. Wa kushinda naye ni mimi.

Mimi, na Redio.

Redio ni mbuzi. Mama yake alizaa mapacha akamkataa mmoja, tukamlea jikoni kwa maziwa ya ng'ombe ndani ya chupa ya soda. Lorna ndiye aliyempa jina, kwa sababu mbuzi yule akianza kulia alfajiri hanyamazi, na kitufe cha kumzimia hakuna. Nilidhani kelele zile zitamtesa mtoto. Kumbe sivyo. Siku moja nilitoka nje nikamkuta Kadii amemshika Redio sikio la kushoto, pale kwenye ukingo wake, kwa kidole gumba na cha shahada, anasugua taratibu kama mtu anayepima kitambaa dukani. Na yule mbuzi, na fujo zake zote, ametulia kama yuko kanisani.

Tangu siku hiyo nikapata njia. Akilishika sikio lile, Kadii hutembea. Lori lipite, mashine ingurume, pikipiki zipige honi, vidole vinasugua na miguu inaendelea. Tulienda mpaka sokoni Garsen, watatu hivyo, watu wakitutazama kama harusi. Wengine walisema mtoto ana pepo na mbuzi ndiye amelibeba. Nikawaambia basi ni pepo lenye faida, maana limenisaidia kununua chumvi mwenyewe.

Nikapata moyo nikawapeleka kwenye shule moja yenye darasa maalum la watoto kama yeye. Mwalimu wake ni Josephine, Mpokomo wa huku huku mtoni, mwanamke mrefu asiye na haraka. Alimtazama Kadii, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. Alisema hajawahi kuandikisha mbuzi, lakini mwarobaini ulioko nje ya dirisha hauna mwenyewe, mbuzi afungwe pale mtoto amwone. Nafasi ilikuwa imebaki moja. Kadii angeanza shule zikifunguliwa baada ya likizo ya Aprili. Siku hiyo nilirudi kijijini kwetu Idsowe miguu haigusi chini.

Mwezi wa nne mto ukaja.

Wanaoishi huku wanajua. Maji hayabishi hodi. Jioni yalikuwa kwenye mahindi, asubuhi yakawa kwenye mlango. Tulibeba tulichoweza, tukapanda mahali pa juu upande wa Minjila, kando ya lami, pamoja na vijiji vingine vyote. Wakulima, wafugaji, kuku, magodoro, sufuria, na mbuzi wasiohesabika, wote kwenye tuta moja.

Pale alinijia Adano. Adano ni Muorma, jirani yetu wa miaka mingi. Tukishavuna, ng'ombe wake huingia kula mabua, nasi hupata maziwa, na Redio mwenyewe alikua kwa maziwa ya Adano. Alimzunguka mbuzi wangu mara moja, akatikisa kichwa.

"Mama Kitsao, hii mbuzi yako haina alama."

Nikamwambia mbuzi wangu anajulikana.

"Inajulikana na nani? Kwenu huko, sawa. Hapa angalia. Mbuzi haina alama ni ya Mungu, na Mungu hawezi kuja kuchukua. Ataichukua mtu, na huwezi kumwita mwizi."

Alisema kweli. Wafugaji hukata masikio ya mbuzi wao, kila ukoo na mkato wake, na maji yakishuka kila mtu huondoka na wenye alama yake. Sisi wakulima wenye mbuzi wawili watatu hatuna mambo hayo. Moyoni nikaona Redio akisombwa na kundi la watu nisiowajua mpaka huko nisikokujua, na Kadii akibaki na vidole vitupu. Nikamwambia anikatie.

Akaniuliza sikio gani. Ukoo wao hukata la kulia, akasema, kwa hivyo akikata la kulia watu watadhani ni mbuzi wake. Mimi nilikuwa nimeinamia moto wa kuni mbichi, moshi umejaa machoni, na uji unataka kumwagika. Nikasema basi kata la kushoto.

Nilisema hivyo, upesi upesi, kama mtu anayeagiza nyama buchani. Adano akatoa kisu chake, akakata kipande kidogo cha kadiri ya punje ya haragwe, akapaka jivu. Redio akapiga kelele moja akarudi kula. Mkono wa mtoto nilikuwa nimeuona kwenye ukingo ule kila siku kwa mwaka mzima, na sikuukumbuka.

Kadii alikuwa amelala hemani na mama yake. Alipoamka alikuja moja kwa moja, kama kawaida, na vidole vikaenda mahali pao. Vikakuta jivu na damu.

Sitaeleza ukelele ule. Ulipokwisha alimwangalia Redio kama unavyomwangalia mtu aliyeingia nyumbani kwako kwa makosa. Kisha akaondoka kwenda kumtafuta Redio.

Nasema kumtafuta, maana ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda mbuzi hadi mbuzi, tuta zima, akishika sikio la kushoto, akilisugua mara mbili, akiliacha. Mbuzi weusi, weupe, wenye mabaka, yeye rangi haikumhusu. Redio mwenyewe alimfuata nyuma akilia, naye hakugeuka. Wanaume wawili wafugaji wakaanza kupaza sauti, mtoto wa nani huyu anayekagua mbuzi za watu, nani amemtuma. Adano akaenda kusema nao kwa lugha yao. Sijui aliwaambia nini, lakini baada ya hapo mmoja wao, mzee Halkano, alimshikia mbuzi zake mmoja mmoja ili mtoto azishike masikio bila kukimbizana nazo. Mbuzi zote. Mpaka jua likatua.

Lorna alikuwa amesimama kando yangu. Mkaza mwana wangu ni mtu wa maneno machache na hajawahi kunivunjia heshima. Aliniambia, "Mama, ulimkata mbuzi, ukamkata na mtoto."

 

Maji yalishuka baada ya wiki tatu, tukarudi, tukachota tope kwa majembe. Shule zikafunguliwa. Lorna alijaribu kumpeleka Kadii bila mbuzi, amemshika mkono. Walifika kwenye mashine ya kusaga. Mtoto alichomoka, na mtu aliyekuwa akifua nguo ukingoni mwa mto ndiye aliyemdaka, maji yakiwa yamefika magotini. Lorna alirudi naye amembeba mgongoni, wote wamelowa, na hakwenda tena kukaanga mahamri siku hiyo.

Nikajaribu zangu. Nililifunga sikio la Redio kwa kitambaa, Kadii akalitazama kwa mbali akaondoka. Nilimpa la kulia, akalisukuma. Adano, ambaye moyo ulikuwa ukimuuma kama mimi, alileta mwanambuzi mzuri mweupe, masikio mazima, akasema ni zawadi. Kadii alimshika kushoto, akasugua mara mbili, akaacha. Hakuwa anatafuta sikio zima, kumbe. Alikuwa anatafuta Redio, na Redio yuko pale pale mbele yake analia.

Nilienda kwa Mwalimu Josephine peke yangu kumweleza. Nilimweleza yote, pamoja na moshi na uji. Alisikiliza. Akasema kuna mtoto mwingine wa Minjila anayesubiri nafasi ile, na mama yake huja kila wiki kuuliza. Anaweza kunishikia mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, zaidi ya hapo atakuwa anamnyima mwingine. Nikamwambia naelewa, na nilielewa kweli, ndiyo maana niliumia. Nilipoinuka akasema jambo moja. "Bibi, lile sikio usimfiche, na usimlazimishe. Liache lionekane mpaka alizoee."

Njiani nikamkumbuka Mzee Mwaringa. Mwaka alipong'olewa meno ya mbele, ilikuwa kama nalala na mgeni. Kicheko chake kilikuwa kingine, hata kutafuna kwake mhogo kulikuwa kwingine, nami mtu mzima, niliyemzalia watoto sita, nilikuwa nikigeukia ukutani. Hakunisemesha. Alikaa tu hapo nyumbani na kinywa chake, siku baada ya siku, mpaka kikawa kinywa cha mume wangu. Sasa mtoto je?

Kesho yake nilipiga kigingi uwanjani, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, nikamfunga Redio na kamba fupi, sikio lake la kushoto likielekea nyumba. Kadii hukaa kizingitini asubuhi. Mafuriko yalituachia makombe ya konokono tele, naye alikuwa akiyapanga, kubwa mpaka dogo, kisha dogo mpaka kubwa. Alipomwona mbuzi akaingia ndani. Sikumwita. Kesho yake nikakisogeza kigingi hatua moja, akaingia ndani tena, lakini alichukua makombe yake. Siku ya tatu hatua moja. Siku ya nne alibaki kizingitini, amempa Redio mgongo. Lorna aliniuliza kwa nini nisikipige kigingi mlangoni mara moja tukajua moja, maana siku zinakwisha. Nikamwambia mgeni akiingizwa kwa nguvu hubaki mgeni. Nilisema kwa ushujaa, lakini hesabu nilikuwa nayo: hatua zilikuwa nyingi kuliko siku. Jumapili baada ya ibada nikasogeza mbili, nikiomba nisamehewe.

Jumatano kigingi kilikuwa hatua tatu tu. Siku mbili zilibaki. Redio alikuwa amechoka kulia, amejilaza, mgongo kwa mtoto, anacheua. Mimi nilikuwa ukumbini nachambua mchicha. Kadii akaacha konokono zake. Akasimama. Akaenda.

Hakuanza na sikio. Alianza mkiani. Aliweka kiganja chote akakipitisha juu ya uti wa mgongo, kinyume cha manyoya, polepole, akifika mahali anasimama kisha anaendelea. Alifika shingoni. Akanusa kiganja. Akashika sikio la kulia, akaliacha. Halafu akaligusa la kushoto, chini kabisa kwenye shina lake, akapanda na ukingo kidogo kidogo, kama mtu anayefuata ukingo wa mto gizani asijue umemong'onyoka wapi. Mchicha ulibaki mkononi mwangu. 

Akafika kwenye mkato.

Jeraha lilikuwa limepona, kando zake zimekuwa laini. Kidole kilisimama. Kilirudi nyuma, kikaja tena. Kisha kile kidole cha shahada kikaingia ndani ya ule mkato kikakaa, kikaenea sawasawa, kidole gumba kikashikilia kwa chini. Akakitoa. Akakirudisha. Akakitoa, akakirudisha, sijui mara ngapi. Redio akafumba macho.

"Limekatwa," akasema Kadii.

Sauti yake ni nzito kidogo, kama mlango usiofunguliwa mara kwa mara.

"Limekatwa," nikamjibu. "Mimi nilimwambia Adano akate. Hawe alikosea."

Hawe ndiye bibi, kwa lugha yetu. Kadii alifikiri juu ya jambo hilo, kidole kikiwa mle ndani.

"Hawe alikosea," akasema.

"Ndiyo, mke mwenzangu. Nilikosea."

"Hawe alikosea."

Nilidhani yameisha. Kumbe maneno yale yalimpendeza mdomoni. Aliyasema akila, akayasema akinawa, akayasema kwa mbuzi, kwa konokono, kwa kuku. Lorna aliporudi na karai lake alikuta mtoto mlangoni, kidole sikioni mwa Redio, anamtangazia, "Hawe alikosea." Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaketi chini na karai kichwani akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha.

"Mama," akasema, "leo umeshtakiwa."

Alhamisi asubuhi tukatoka, mtoto na mbuzi mbele, mimi nyuma hatua moja, mikono tayari. Lorna aliacha mahamri yake akatembea upande wa mtoni, asiseme kwa nini. Wa kwanza kukutana naye ni Adano na ng'ombe zake. Kadii alimwambia habari yangu.

Adano alishika fimbo yake akafikiri. "Na mimi je? Mimi ndiye nilishika kisu."

"Wewe nyamaza," nikamwambia, "usije ukaongezwa."

Tulifika kwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa inafanya kazi, na nilikuwa nimeomba njia nzima iwe imeharibika. Kadii akapunguza mwendo. Bega moja likapanda likagusa sikio lake. Mkono wa pili ukainuka kuziba la upande wa pili, lakini ule wa kwanza haukutoka kwa Redio. Niliona kidole kikijisukuma mle kwenye mkato mpaka kucha ikawa nyeupe. Zamani sikio lilikuwa likimponyoka mbuzi akigeuza kichwa. Sasa kidole kilikuwa na mahali pa kukwama. Redio akasimama, akangoja. Nami nikangoja. Lorna alikuwa amekwisha vua viatu.

Mtoto akavuta hatua. Ya pili. Mwenye mashine alichungulia, uso wote unga, kuona nani amesimama mlangoni kwake. Kadii akamwambia, kwa sauti kubwa kushinda mashine, kwamba Hawe alikosea. Yule bwana akanitazama kwa huruma akasema pole.

Mwalimu Josephine alikuwa uwanjani na watoto wake. Alipoambiwa aliuliza Hawe ni nani, nikainua mkono kama mwanafunzi. Akamfunga Redio mwenyewe kwenye mwarobaini. Kadii akaingia darasani, akaketi kwenye benchi la dirishani. Baada ya kitambo akainuka, akatoka, akaenda akatia kidole mahali pake, akarudi. Akafanya hivyo mara nne kabla ya uji. Mara ya nne kitabu cha majina kilikuwa kimefunguliwa mezani, na Mwalimu alikuwa ameandika Kadii Kitsao kwa kalamu, si kwa penseli. Nilitazama vizuri.

Nilisema nitakaa kidogo nje, chini ya dirisha, nisiwasumbue.

"Nenda nyumbani, Bibi," akaniambia. "Ukikaa hapa atakuwa hajaja shule. Atakuwa amekuja matembezi na wewe."

Lorna alikuwa ameshaondoka kwenda kwa wateja wake. Nilitembea mpaka kwenye lango. Hapo Redio akaanza, ile sauti yake yote ya alfajiri, na darasa zima likaangua kicheko, kelele juu ya kelele. Nikashika nguzo ya lango nikingoja ukelele wa mtoto wangu. Nilingoja mpaka kicheko kikapoa na sauti ya Mwalimu ikaanza kuhesabu, na wao wakimfuata, moja, mbili, tatu.

Sikuusikia. Nikakaza leso yangu, nikaenda kupalilia.